Ukaguzi wa Chumba cha Nyuma

Godoro ndilo lililomponza fundi viatu. Wakaguzi wa halmashauri walifika dukani kwake Jumatatu, wakapima mlango, wakapiga picha kibao chake kilichopauka, wakamsifu hata kwa mikono yake mizuri. Kisha mmoja wao akasogeza pazia la nyuma, akaliona godoro limeegemezwa ukutani na shuka lake halijakunjwa. Kufika saa sita mlango ulikuwa na mnyororo na alama nyekundu ya rangi, na fundi mwenyewe amekaa ukingoni mwa barabara na gunia la viatu vya watu. Ruzuku ya kukarabati duka hakupata, na duka hakubaki nalo.

Kinyozi, jirani wa ukuta mmoja, ndiye aliyemletea Mama Pacha habari kwenye duka lake la kufulia nguo, mashine ya kunyolea bado iko mkononi.

"Wanatafuta wanaolala madukani," alisema akiangalia nyuma yake. "Eti barabara ya kisasa haiwezi kuwa na watu wanaopika nyuma ya maduka. Kwenu wanakuja lini?"

"Keshokutwa mchana."

"Basi fanyeni hima. Na mimi sikukuambia kitu."

Mama Pacha aliendelea kupiga pasi. Nyuma ya pazia la bluu la duka lao, katika chumba cha hatua saba kwa tano, walikuwa wanalala yeye, mumewe Dobi, pacha wao wa kike wa miaka minane, na mama mkwe. Mwaka wa pili sasa, tangu kodi ya nyumba ilipowashinda. Mchana palikuwa pa kufulia, jioni panageuka nyumbani, na mtaa mzima ulijua na kunyamaza.

Angeweza kumlaumu mumewe kwa kuomba ruzuku, lakini hata lawama haikuwa na pa kushika. Halmashauri ilitangaza kwa kipaza sauti: anayeomba atawekewa mlango mpya, rangi, taa na kibao cha aina moja na wenzake, asiyeomba afanye hayo kwa pesa yake kabla ya mwisho wa mwaka, au afunge. Dobi akajaza fomu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya duka linalong'aa, akausoma mara tatu. Ukurasa wa nne, uliosema jengo lote litakaguliwa mbele na nyuma, aliutia sahihi tu.

"Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma," alisema mama mkwe alipoelezwa. Alikuwa mama mfupi mwenye nyonga mbovu na ulimi mzima. "Sasa mimi mtanitia kwenye beseni gani?"

Hakuna aliyecheka.

Jumanne walifunga duka mapema wakaanza kuificha nyumba yao.

Kwa dobi kila nguo inayoingia hushonewa kitambaa kidogo chenye namba, na namba hiyo huandikwa kwenye risiti. Bila hiyo, mashati meupe arobaini ni shati moja. Ni Dobi aliyepata wazo: kwa nini wabebe vitu huku na huko majirani wakiona, wakati rafu zimejaa vitu vya watu? Walishonea namba kila kitu chao. Mashuka yakawa mia tatu na moja hadi mia tatu na sita. Sare za shule za pacha, mia tatu na kumi. Godoro kubwa walilikunja wakalifunga kwa kamba, wakaliandikia "Nyumba ya wageni, limemwagikiwa chai." Jiko halikuwa na neno, maana maji ya kufulia lazima yachemshwe. Sufuria ziliingia chini ya lundo la mapazia ya ofisi fulani.

"Mama," aliuliza Wa Pili, yule pacha aliyezaliwa robo saa baada ya mwenzake, akiitazama sketi yake rafuni, "sasa nguo zangu ni za nani?"

"Za mteja."

"Mteja gani?"

"Wewe, mama. Shika uzi huu."

Kilichobaki kilikuwa Bibi, yaani mama mkwe. Mpango ulikuwa ashinde kwa kinyozi mpaka wakaguzi wapite. Alipinga kidogo, akisema nywele zilizobaki kichwani mwake hazimtoshi kinyozi hata kwa salamu, lakini alikubali. Wakalala sakafuni juu ya maboksi, taa imezimwa. Mama Pacha hakufumba jicho. Kila gari lililopita alilisikia limesimama mlangoni kwake.

Waliambiwa mchana. Gari la halmashauri likafika saa mbili na nusu asubuhi.

Pacha walikuwa wameshakwenda shule. Bibi alikuwa nyuma, anamalizia chai. Mama Pacha aliliona gari kupitia dirishani, akaona mlango wa gari ukifunguliwa. Kumpeleka Bibi kwa kinyozi kungetaka dakika tano kwa mwendo wake wa nyonga, na wao hawakuwa na hata moja. Alimshika chini ya kwapa, akamvuta hadi kwenye benchi la wateja, akamtia risiti mkononi.

"Wewe ni mteja," alimnong'oneza. "Umekuja kuchukua blanketi. Hatujuani."

"Hatujuani," alirudia Bibi, akijifunga vizuri mtandio. "Haya."

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo hivi, miwani ya duara, ubao wa kuandikia umebanwa kifuani. Nyuma yake alifuata karani mwenye futi ya kupimia. Dereva alibaki garini.

"Shikamoo, bibi," mkaguzi alimsalimu mteja kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Hawa watu wanachelewesha kazi, uwaambie."

Mama Pacha akataka kucheka na kulia pamoja.

Karani alitoka kupima ukuta wa mbele. Mkaguzi akauliza maswali ya kawaida: mlango una miaka mingapi, kibao kiliandikwa na nani, maji machafu yanakwenda wapi. Dobi alijibu kila swali kwa maneno mengi kuliko lilivyohitaji. Kisha mkaguzi akasema, kwa upole uleule, "Tuone na nyuma."

Alisimama katikati ya chumba akazunguka polepole. Aliangalia rafu, akagusa mashuka. Akaligonga godoro kwa kalamu.

"Dobi, mnafua mpaka magodoro?"

"Njaa haichagui, bosi."

Akaandika kitu. Mama Pacha alikuwa anaihesabu ile kalamu ikienda na kurudi, na ndipo akaona kile ambacho wote watatu walikisahau. Juu ya kizingiti cha dirisha, ndani ya kopo, miswaki mitano imesimama: mitatu mikubwa, miwili midogo ya rangi ya waridi. Mkaguzi aliiona wakati uleule.

"Na hii?"

"Ya kola," alisema Mama Pacha kabla hajafikiri. "Kola na mikono ya shati, bosi. Brashi kubwa haiingii."

Mkaguzi alishusha kalamu. Alikuwa anangoja tu, na kungoja kwake kulitisha kuliko swali. Mama Pacha akauchukua mswaki mdogo wa waridi, akauchovya kwenye maji ya sabuni, akavuta shati la mtu lililokuwa juu ya lundo, akaanza kuisugua kola iliyoingia jasho la mwanamume asiyemjua. Alisugua kwa nguvu, kichwa ameinamisha, kwa sababu machozi yalikuwa yameshafika. Ule ulikuwa mswaki wa Wa Kwanza, na asubuhi ile mtoto alikuwa ameusuuza mwenyewe na kuurudisha mahali pake bila kuambiwa.

"Sawa," alisema mkaguzi hatimaye. "Inasafisha."

Akaandika: Chumba cha nyuma, stoo na kufulia. Akagonga muhuri palepale juu ya meza ya pasi.

Wangenyamaza hapo, mambo yangeisha. Lakini Dobi, kwa furaha ya kunusurika, alitaka kuupamba uongo wao. Alichukua blanketi la kijivu rafuni, blanketi la mama yake mwenyewe, akalifunga kwenye karatasi vizuri, akampelekea pale kwenye benchi kwa mikono miwili.

"Mzigo wako tayari, mama. Samahani kwa kukuchelewesha."

Bibi akatoa noti moja kwenye fundo la mtandio, pesa yake ya dawa, akamlipa mwanawe. Mwana akaipokea, akaweka kwenye droo.

"Kumbe umeshapata, bibi," alisema mkaguzi. "Sisi tunapanda huko juu. Njoo tukusogeze. Na nyonga hiyo utatembeaje?"

Dobi alimtazama mkewe. Angesema nini? Mteja ameshahudumiwa, ameshalipa, mzigo uko mapajani. Mteja wa namna hiyo huondoka.

"Ah, bibi huwa anapenda kupumzika kwanza," alijaribu Mama Pacha.

"Atapumzikia kwenye gari. Unakaa wapi, bibi?"

Bibi aliwaangalia mwanawe na mkwewe, mara moja tu kila mmoja. Kisha akajikongoja akasimama.

"Huko huko juu, mwanangu. Nitawaonyesha."

Dobi alimshika mkono hadi garini kama anavyomshika mteja yeyote mzee. "Nenda salama, mama," alisema. Asante Mungu, kila mwanamke mzee huitwa mama, hakuna aliyeshtuka. Mlango ukafungwa, gari likaondoka na mama yao aliyekuwa hana pa kushuka.

Karani alibaki na futi yake. Alisema gari litarudi kumchukua alasiri, atapima mbele yote, na Dobi amshikie ncha ya pili. Kwa hiyo Dobi alishika ncha ya futi huku mama yake akipotea mjini.

"Sabuni imeisha," Mama Pacha alimwambia kwa sauti ya kusikika. "Nakwenda kununua."

Hakutembea, alikimbia. Bibi hakuwa na simu, hakuwa na senti baada ya kulipia blanketi lake, na hatua mia moja bila fimbo zilikuwa zimemshinda tangu mwaka jana. Fimbo yenyewe ilikuwa nyuma ya duka, imefungiwa namba. Mama Pacha alikwenda kwenye nyumba waliyopanga zamani. Mpangaji mpya alisema hajaona mtu. Akaenda zahanati. Akaenda mpaka kwa wifi yake, dada wa Dobi, aliyemsikiliza mlangoni bila kumkaribisha ndani.

"Yaani mmempakia mama yangu kwenye gari la serikali kama mzigo?"

"Wifi, hatukuwa na la kufanya."

"Mngemleta kwangu."

"Ulisema nafasi haitoshi."

"Nilisema ninyi wote hamtoshi. Mama peke yake, na mtoto mmoja wa kumtuma, sikukataa."

Hapakuwa na muda wa kuyamaliza hayo. Mama Pacha alirudi dukani jasho linamtiririka, bila sabuni na bila Bibi. Mumewe alimwangalia juu ya futi, na yeye akatikisa kichwa. Dobi akashusha ncha mpaka karani akamkemea.

Kichwani mwake Mama Pacha alimwona Bibi ameketi pembeni ya barabara, jua la saa saba linampiga, watu wanampita. Alimwona ameanguka. Alimwona yuko mbele ya meza ya ofisi fulani akiulizwa jina la mwanawe. Hofu hii ya mwisho ndiyo iliyomtia aibu, kwa sababu haikuwa ya Bibi, ilikuwa ya duka.

Saa tisa pacha wakarudi kutoka shule. Mama Pacha alikuwa amewasahau kabisa. Waliingia wakirushiana maneno, mikoba mgongoni, na Wa Kwanza akasimama mbele ya benchi.

"Mama, Bibi yuko wapi?"

Karani alikuwa mlangoni anaandika vipimo. Kalamu yake ilisimama.

"Bibi gani?" alisema Mama Pacha.

"Bibi."

"Mabibi wangapi wanaleta nguo hapa? Nitamjua yupi?" Alimkazia macho mwanawe kwa ukali ambao mtoto hakuwahi kuuona. "Nyie watoto wa jirani nendeni kwa kinyozi, msinisumbue kazini."

Pacha walitazamana. Wa Kwanza akamshika mwenzake mkono, wakatoka, na Mama Pacha akajiinamia juu ya pasi iliyopoa akaendelea kuipitisha kwenye suruali ileile.

Gari lilirudi saa kumi, dereva peke yake. Mama Pacha alimfuata na glasi ya maji.

"Kaka, yule mteja wetu alifika salama? Kasahau chenji yake."

"Bibi wa blanketi?" Dereva alikunywa maji yote. "Tulimshusha kwake. Nyumba ya geti la kijani, pale karibu na tangi la maji. Kumbe ana hali nzuri yule! Nyumba ya ghorofa, halafu anabishana na dobi kwa blanketi la zamani. Matajiri bwana."

Geti la kijani lilifunguliwa na msichana wa kazi, aproni imelowa.

"Wewe ndiye mkwe?" aliuliza kabla ya salamu. "Mchukue haraka. Bosi anarudi saa kumi na mbili."

Bibi alikuwa nyuma ya jiko, chini ya kamba za nguo, ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, blanketi mapajani. Alikuwa mzima. Mama Pacha alipiga magoti akamshika miguu, akalia kwa sauti mpaka msichana wa kazi akafunga dirisha la jiko.

"Nyamaza, mwanangu. Nilichagua geti zuri," alisema Bibi. "Nilidhani watanishusha waende zao. Wakasimama wananitazama. Nikabisha. Huyu binti alipofungua nikamwambia, nikaribishe kama unanijua, kuna gari linanitazama."

"Nami nikamwambia, bibi umechelewa, chai imepoa," alisema msichana. "Nilijua nitaeleza nini baadaye?"

"Mungu akulipe," alisema Mama Pacha. "Basi tumepita, mama. Muhuri umegongwa. Yamekwisha."

Bibi alilipapasa lile blanketi.

"Yule mkaguzi alinishusha yeye mwenyewe, akanishika mkono mpaka hapo getini, dereva asisikie. Akaniambia, 'Bibi, yule dobi masikio yake kayachukua kwako.'"

Mama Pacha akainua uso.

"Akasema yeye ameandika stoo, na atasimama na maandishi yake. Lakini mwenzake ndiye anayesimamia ujenzi, kuanzia Ijumaa mpaka miezi miwili. Huyo, ujenzi ukianza, haji mchana. Huja saa tatu za usiku, watu wakishatandika, na hufungua kila mzigo. Ndiye aliyemfungia fundi viatu. 'Mwambie mwanao,' akasema, 'Ijumaa asikutwe mtu, hata mtoto.' Kumbe lifti ilikuwa ya hilo tu."

Msichana wa kazi alisikia yote. Wakati akiwafungulia geti alimgusa Mama Pacha begani.

"Dada, humu wanatafuta mtu wa kufua, wa kulala hapahapa. Chumba kipo. Ila hawataki mwenye watoto."

Dobi aliwapokea mlangoni. Alimkumbatia mama yake, akamweka kwenye benchi, akarudisha ile noti kwenye fundo la mtandio wake. Kisha akainua karatasi yenye muhuri.

"Tumepita! Mlango wa kioo, mke wangu. Kibao chenye taa. Tumepita!"

"Funga mlango kwanza," alisema Mama Pacha.

Alimweleza kwa sauti ya chini, amesimama. Dobi aliishusha karatasi kidogo kidogo. Aliuliza kama wanaweza kuikataa ruzuku, akajijibu mwenyewe, maana asiyetengeneza anafunga. Aliuliza kama wanaweza kupata chumba cha kupanga kabla ya Ijumaa. Ilikuwa Jumatano jioni.

"Lisilobudi hutendwa," alisema Bibi. "Mimi nitakwenda kwa binti yangu. Atanisema mpaka nizibe masikio, lakini atanilaza."

"Mimi nitaomba ulinzi wa usiku kwenye ghala," alisema Dobi. "Nitalala nimekaa."

Mama Pacha alisema habari ya geti la kijani. Mumewe hakumtazama, aliinamisha kichwa tu, kukubali.

Kinyozi aliitwa. Alisikiliza, akakuna kidevu, akasema kwa uchungu wa kweli kwamba kwake ni chumba kimoja, yeye na mkewe na mtoto mchanga. "Mmoja nitamchukua kama wangu. Wawili, jirani, sina pa kuwaweka. Nisamehe." Na wifi alikuwa ameshasema lake: mama, na mtoto mmoja wa kumtuma. Mmoja hapa, mmoja kule, upande wa pili wa mji, shule nyingine, barabara mbili za magari katikati.

Tangu tumboni hawakuwahi kulala vitanda viwili.

Walikuwa nyuma, juu ya maboksi, wanafanya kazi ya shule kwenye daftari moja, vichwa vimegusana. Wa Kwanza anasoma hesabu, Wa Pili anaandika jibu. Ndivyo walivyozoea, mwalimu alishachoka kuwakataza. Mama Pacha alisimama kwenye pazia. Yupi anayeugua haraka? Yupi anayeogopa giza? Yupi atakayevumilia ulimi wa shangazi, na yupi atalia kimyakimya kwa kinyozi asiombe hata maji? Aliwapima kama mtu anayetafuta kasoro, akaona anachokifanya.

Wa Pili aliinua kichwa.

"Mama, mbona unatuangalia hivyo?"

"Nimewakosea leo," alisema Mama Pacha. "Kuwaita watoto wa jirani."

"Tulijua ni uongo," alisema Wa Kwanza. "Ni kwa sababu ya yule mtu wa futi. Si ameshaondoka?"

"Ameondoka."

"Basi Bibi alale kwenye godoro leo, sisi tutalala hapa," alisema Wa Pili, akasogea kumpa mwenzake nafasi zaidi ya boksi. Wakainamia tena daftari lao.

Dobi alikuja akasimama nyuma ya mkewe. Hakugusa bega lake.

"Umeshaamua?" alinong'ona. "Yupi?"